Mhunzi wa Kizota: kama una mkuki wa babu au sime ya zamani, mpelekee huyu mzee

Naandika hii kwa wale wenye mikuki, sime na visu vya wazee wao vimekaa darini vinaliwa na kutu na hawajui wampelekee nani, maana mimi nimehangaika sana na hili jambo hapa Dodoma. Upande wa Kizota kuna mzee mhunzi ana banda la mabati, moto wa makaa, fuawe ya kipande cha reli na wajukuu zake wawili wanaomsaidia. Jina silitaji kwa kuwa sijamuomba ruhusa, ila ukifika kule ulizia mzee anayefua chuma, bodaboda wanamjua. Nampa nyota nne na nusu kati ya tano, hiyo nusu iliyobaki nitaieleza huko mbele.

Nilimpelekea vitu viwili, mkuki wa babu mzaa baba ambaye alikuwa mtu wa Mvumi, na sime ya kazi ambayo baba aliinunua mnadani miaka ya nyuma sana. Mkuki ulikuwa na kutu nyekundu kuanzia ncha mpaka kwenye tundu la mpini, na mpini wenyewe mchwa walishaumaliza nusu. Sime ilikuwa na shida nyingine kabisa, inaonekana nzima lakini ukiinoa asubuhi mchana haikati hata kamba ya mkonge.

Nimempenda kwanza kwa sababu hakukimbilia kazi. Mkuki aliutoa nje juani, akaugeuza taratibu, akapitisha ukucha kwenye kutu kusikiliza wapi imekula na wapi imelala juu tu, halafu akaniuliza, "Mjukuu wangu, unataka ung'ae au unataka ubaki wa babu yako?" Nikamwambia ubaki wa babu. Akasema basi hapa grenda haigusi.

Na hili ndilo nataka watu walielewe vizuri, kwa sababu mafundi wengi mjini ukiwapelekea chuma cha zamani wanawasha grenda palepale, dakika tano umerudishiwa kitu kinang'aa kama sufuria jipya na unalipa ukiwa umefurahi, kumbe ameondoa alama zote za nyundo za yule mhunzi wa kwanza, ameondoa ule weusi ambao umejijenga juu ya chuma kwa miaka na ndio unaosaidia kuzuia kutu mpya, na chuma chenyewe amekipunguza. Hakirudi tena hicho. Kutu nyekundu ndiyo adui, inaendelea kula, ila ule weusi uliotulia unaachwa. Mzee aliulaza mkuki kwenye mafuta ya taa usiku kucha ili kutu ilainike, kesho yake akawa anaikwangua na kipande cha shaba. Nilimuuliza kwa nini shaba, akasema shaba ni laini kuliko chuma kwa hiyo inaondoa kutu bila kuchora mkuki. Pale palipokuwa pagumu akatumia stilwaya nyembamba yenye mafuta, anasugua kidogo anafuta anaangalia, anasugua tena. Kazi ya uvumilivu kwelikweli. Akamaliza kwa kuupasha chuma joto kidogo tu, ukiugusa unaweza kuuvumilia, akaupaka nta ya nyuki mpaka ikaingia kwenye vishimo vyote. Nta anaipata kwa watu wa asali wa Manyoni. Akanikataza kabisa kupaka mafuta ya kupikia kama wengi tunavyofanya, kwa sababu yale yanakuja kunata, yanashika vumbi, na vumbi la Dodoma mnalijua, halafu vumbi nalo linashika unyevu msimu wa mvua na chini yake kutu inaanza upya.

Moto wa kufulia hakuutumia kabisa kwenye mkuki, na nilivyomdadisi sababu akanieleza kwamba mikuki mingi ya zamani ni chuma laini, hakina ile kaboni ya kutosha kukifanya kikaze, kwa hiyo hata ukikichoma na kukizamisha hupati chochote zaidi ya kuharibu sura yake. Mkuki ule wa zamani ukipinda unanyooshwa, na ndivyo wazee walivyokuwa wanafanya.

Sime sasa ndio ikaingia motoni. Alivyoiona tu akaonyesha sehemu karibu na makali ina kivuli cha bluu, akasema hii kuna mtu aliinoa kwa grenda ikapata moto sana, ugumu wote umetoka. Sime zetu nyingi zinatengenezwa kwa springi za gari, zile za magari makubwa, na chuma cha springi kina kaboni kama asilimia 0.6, kwa hiyo ni chuma kizuri sana cha makali ila ukikipasha hovyo kinalegea. Alivyoikaza upya ni hivi, akaiweka kwenye makaa mpaka ikawa nyekundu, karibu yake ana sumaku ya spika mbovu ameifunga kwenye waya, kila mara anagusisha, sumaku ikiacha kushika chuma anajua joto linakaribia panapotakiwa (chuma kinaacha kushikwa na sumaku kwenye nyuzi kama 770 hivi), anaiacha izidi kidogo halafu anaizamisha kwenye mafuta machafu ya injini yaliyopashwa. Maji hatumii kwa springi, anasema yanapoza haraka mno na chuma kinapasuka. Baada ya hapo akapitisha tupa kwenye makali, tupa ikawa inateleza tu haing'ati, hapo akajua imekaza. Lakini sime ikiachwa hivyo itavunjika ukikata mti mgumu, kwa hiyo akaisugua sehemu moja mpaka ikawa nyeupe akairudishia joto la polepole huku anatazama rangi, ilipofika rangi ya majani makavu akaitoa. Yaani mzee hana kipimajoto hata kimoja, anatumia macho, na banda lake amelifunika upande mmoja liwe na giza ili rangi ya moto aione vizuri. Hii sime sasa nimekatia miiba ya boma zima la ng'ombe na makali bado yapo.

Mpini wa mkuki aliuchonga wa mkole. Anayo magogo yake membamba ameyasimamisha kivulini yakauke, akachagua lililonyooka, akalikwangua kwa kipande cha kioo mpaka likawa laini. Kwenye kuunganisha hajaweka gundi wala msumari, amechonga ncha iingie kwa nguvu kwenye tundu, halafu akavisha ngozi mbichi ya mbuzi, ikikauka inajikaza yenyewe. Na kile kipande cha mpini wa zamani kilichobaki hakukitupa, alinifungia kwenye gazeti akanirudishia. Hapo ndipo nilijua huyu mtu anaelewa anachokifanya, maana kile kipande kina alama za mkono wa babu.

Kuna jambo lingine nililiona pale na limenifanya nimheshimu zaidi. Nikiwa nasubiri alikuja jamaa mmoja na kitu kimefungwa kwenye gunia, kukifungua ni gobore, la zamani kweli, la fataki (linalowashwa kwa kidude kidogo kinacholipuka kikigongwa), kitako kimepasuka na mtambo umeganda kwa kutu. Anataka lifanye kazi. Mzee hakuligusa. Akamwambia, "Mwanangu, lifunge, liweke chini, mdomo uelekee kule kusiko na watu." Halafu akamuuliza maswali mawili tu, lilikuwa la nani, na nani ana uhakika kwamba halijashindiliwa. Jamaa akacheka akasema limekaa tangu enzi za babu yake, baruti gani itabaki humo. Mzee akamwambia baruti nyeusi haiozi, ikiwa kavu inaweza kukaa miaka mia moja ndani ya mtutu na siku utakayoipiga nyundo au kuipasha moto inakumbuka kazi yake.

Na ni kweli kabisa. Baruti ya zamani ni mchanganyiko wa shura (aina ya chumvi), unga wa makaa na kiberiti cha unga (salfa), haina kitu cha kuoza ndani yake, na wazee wengi walikuwa wanashindilia bunduki wanaitundika ikiwa tayari kwa ajili ya fisi au chui, mtu akifa inabaki hivyohivyo. Tafadhali kama una kitu kama hiki nyumbani usikiweke kwenye moto, usikitie grenda, usichokonoe mtutu kwa nondo, na watoto wasikisogelee. Na kwa sheria ya udhibiti wa silaha za moto ya mwaka 2015 gobore ni silaha kama silaha nyingine, kukaa nalo bila kibali ni kosa, na fundi kulitengeneza bila leseni ni kosa lake pia. Mzee alimwambia yule jamaa akalitolee taarifa polisi kabla ya kulihamisha popote pengine, waje wenyewe. Nimewahi kusikia mafundi wanaopokea kazi za namna hii kimya kimya, mimi nasema fundi anayekataa ndiye wa kumwamini.

Baada ya yule jamaa kuondoka mzee alituchorea chini kwa kijiti, gumegume ambalo lilikuwa linawaka kwa cheche za jiwe, kisha la fataki lililokuja baadaye, mdeki (ule ufito wa kushindilia) unakaa wapi, na kwa nini yale magobore yalikuwa yanakufa haraka. Masizi ya baruti yanavuta unyevu, bunduki ikipigwa ikaachwa bila kuoshwa inaanza kuliwa ndani kwa muda mfupi sana, na dawa yake ilikuwa maji ya moto, kukausha vizuri kabisa halafu mafuta. Mafuta peke yake bila maji hayasaidii kwa sababu ile chumvi iliyobaki inayeyuka kwenye maji.

Sisi watu wa kati tuna sababu ya kutunza hivi vitu jamani. Ile njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita hapahapa Ugogo, na watemi wa Kigogo walikuwa wanatoza hongo, yaani ushuru wa kupita, ya vitambaa, shanga na waya, na wenye misafara walikuwa na magobore mengi lakini walilipa kwa sababu maji yalikuwa mikononi mwa wenye nchi, wenye mikuki. Magobore mengi yaliingia bara kwa njia hiyohiyo. Nenda Tabora utasikia habari za mtemi Isike wa Wanyamwezi, mwaka 1893 Wajerumani walipoingia ngome yake alilipua ghala la baruti akiwa ndani kuliko kukamatwa. Nenda Iringa, Wahehe wa Mkwawa mwaka 1891 pale Lugalo walilivunja jeshi la Wajerumani la kamanda Zelewski na silaha yao kubwa ilikuwa mikuki. Ukipata nafasi fika makumbusho ya Kalenga uone. Halafu rudi nyumbani uangalie mkuki wa babu yako umeegemezwa nyuma ya mlango wa stoo unachezewa na kuku, inauma.

Bei sasa. Mkuki wote na mpini mpya na ngozi nililipa 40,000, sime kukazwa na kunolewa 15,000. Sime mpya anauza 25,000 mpaka 35,000 kutegemea urefu, visu vya jikoni vya springi 8,000 na hivi navipendekeza kwa kina mama na wenye mabucha, mke wangu anacho, anakatia nyama yenye mifupa na hakijapata pengo. Ukitaka mkuki mpya wa mapambo ya sebuleni anakutengenezea, ila kwa huo ukienda mnada wa Msalato Jumamosi unaweza kupata wa bei rahisi zaidi, chuma chembamba lakini kwa kutundika ukutani unatosha. Malipo anapokea taslimu au M-Pesa kwa simu ya mjukuu.

Ile nusu nyota imepotelea kwenye ala. Ala ya sime aliyonipa ni ngozi nyembamba mno, mshono wake ni wa uzi wa kawaida na umeshaanza kuachia upande wa makali, hiyo ni hatari maana sime imekaza na inakata kweli. Nimeenda kuishonesha upya kwa fundi viatu wa Majengo, ameweka ngozi ya ng'ombe mara mbili na kipande cha katikati kinachozuia makali yasifikie uzi. Nilimwambia mzee, akakubali kwamba ngozi sio kazi yake, kwa hiyo chukua chuma kwake na ala tafuta kwa wengine. Na sime isilale ndani ya ala ukiwa nyumbani, ngozi inashika unyevu na dawa zilizotumika kuilainisha zinakula chuma, ivue uitundike pembeni.

Halafu mzee hana haraka. Akikwambia wiki ijayo jua inaweza kuwa wiki inayofuata, simu hashiki, na akiwa na kazi ya majembe msimu wa kilimo unakaribia nyie wa mikuki mtasubiri, wakulima kwanza. Mimi hilo sikuliona baya ila mwenye haraka ajue.

Ukienda nenda asubuhi kabla jua halijawaka, vitu vyako vifunge kwenye gunia na kamba usipande navyo daladala vikiwa wazi, msalimie kwa heshima, akikukaribisha na "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, itikia vizuri hata kama sio Mgogo. Na kabla hujakubaliana bei ya mpini muulize kama mkole alionao umekauka. Kama haujakauka mwachie mkuki usubiri, kwa sababu mti mbichi ukija kukauka nyumbani unasinyaa ndani ya tundu na chuma kinaanza kucheza.