Yara au La Vie Est Belle kwa joto la Tanga: uzoefu wangu

Napenda manukato matamu, ya maua na vanila, na mwaka huu nilitaka chupa moja tu ya maana. Nilibaki na mbili za kuchagua: Yara ya Lattafa kutoka Dubai, iliyotoka 2020, na La Vie Est Belle ya Lancôme ya Ufaransa, ya 2012.

Usichague ukiwa dukani penye kiyoyozi. Humo zote zinanukia vizuri. Jipulizie mkononi, toka nje, tembea Ngamiani kwenye jua, halafu ndiyo unuse. Wakati wa kaskazi hewa ya hapa ni nzito, ngozi haikauki jasho, na joto linaupandisha utamu haraka sana.

Yara inaanza na chenza na okidi, kisha inalainika, inakuwa ya poda poda, vanila na miski. Juani inabaki nyepesi na haitangulii mbele yako. Anayekukumbatia ndiye anayeisikia. Nimeipenda mno kwa hilo. La Vie Est Belle ina mengi zaidi ndani yake: peasi, irisi, asmini, maua ya michungwa, halafu vanila, pachuli na pralini, yaani kokwa zilizopikwa kwa sukari, ambayo itamkumbusha mtu wa Pwani kashata papo hapo. Mchana, kwenye daladala iliyojaa, kwangu utamu huo ni mzito.

Ila usiku wa harusi ni habari nyingine kabisa. Nguo imefukizwa udi, kifuani kuna kikuba, kile kifungo kidogo cha maua yanayonukia. Yara ikikutana na udi, inamezwa. La Vie Est Belle haimezwi: pachuli ina harufu ya udongo na majani makavu inayoshikana na moshi wa udi, na asmini yake inaitikia asmini ya kikuba. Wifi yangu, ambaye kwa kufukiza hana mpinzani, aliniuliza nimechanganya nini.

Nimenunua Yara, kwa sababu siku zangu nyingi ni za mchana, kazini na sokoni. Bei nayo imesaidia: hata La Vie Est Belle ya mililita 30 inaizidi mbali Yara ya mililita 100. Dada ambaye shughuli zake ni za usiku achukue hiyo ndogo ya Lancôme, ajipulizie mara moja tu, nguo ikishatoka kwenye udi.