Fundi wa vitabu nyuma ya soko kuu, Mwanza: kitabu cha baba kimerudi

Kitabu nilichompelekea fundi huyu ni riwaya ya Aniceti Kitereza, ile ya Myombekere na mkewe Bugonoka, toleo la 1980. Baba alikinunua ujanani na amekaa nacho kisiwani Ukerewe miaka yote. Kitereza alimaliza kukiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, baadaye akakitia mwenyewe katika Kiswahili, na akafariki 1981 kabla nakala zilizochapwa hazijamfikia. Baba hulisema hili kila mgeni akikigusa, ndiyo maana hataki kuona kitabu kile kimetupwa juu ya kabati.

Macho ya baba sasa hayaoni maandishi. Sisi humsomea, lakini kwanza akishike yeye, akipapase, akinuse, ndipo atupe.

Mwaka jana nilikipeleka kwenye duka moja la steshenari mjini. Wakaukata mgongo kwa mashine, wakapaka gundi ya moto, wakakivisha jalada la plastiki linaloteleza. Baba alipokipokea akauliza, "Hiki cha nani?" Niliumia sana. Na gundi yenyewe ilikauka ikawa ngumu kama ukucha, ikapasuka, karatasi zikaanza kutoka mojamoja.

Fundi huyu ni mzee, anafanyia kazi upenuni: meza, shazia, kipande cha nta, kopo la gundi nyeupe ya maseremala. Nilimwamkia, akaitikia "Marahaba mwanangu," akakichukua kitabu na kukipeleka puani kabla hajakifungua. "Hiki kimekaa na dagaa." Kweli, baba alikiweka sanduku moja na madaftari ya biashara yake ya dagaa. Chini ya harufu hiyo kuna nyingine, tamu, karibu na vanila. Ndani ya mti kuna kitu kinaitwa lignini, kinachoshikanisha nyuzi zake; kikibaki kwenye karatasi huvunjika polepole, na ndicho kinachozifanya kurasa ziwe za njano na zinukie hivyo. Lile jalada la plastiki lilikuwa limeifunika harufu yote.

Alinieleza bila kuficha: mgongo ukishakatwa, mikunjo haipo tena, kila karatasi iko peke yake, kwa hiyo hawezi kushona kupitia katikati. Atatoboa pembeni. Kitashika, ila hakitalala wazi mezani. Nikakubali.

Alikwangua gundi yote kwa kisu, akashona kwa uzi wa nyavu alioupitisha kwenye nta, akatengeneza jalada la boksi gumu na kulivika kitambaa cha kaki, kisha akakikandamiza kwa jiwe la kusagia. Ukikifungua, uzi unalia kidogo, kama kamba ya mtumbwi ikikazwa. Mdudu wa ziwani aliyekaukia kwenye ukurasa mmoja tangu sijazaliwa, amemwacha palepale.

Nilimlipa shilingi 18,000. Aliahidi siku 4, zikawa 9, na nilikwenda mara tatu bure. Tena nilimwomba asikate kingo kabisa, lakini ule wa juu aliusawazisha, na maneno ya baba ya kalamu ya risasi yamekatwa vichwa kwenye kurasa kadhaa. Aliomba radhi. Nimemsamehe, ila nawe ukienda, lisisitize hili mara mbili.

Nilivuka nacho Jumamosi. Baba alipitisha kiganja juu ya kaki, kidole gumba kikashuka hadi pembe ya chini, pale palipolika kwa miaka ya kufunua. Kikatulia hapo. Akainua kitabu, akakinusa, akanipa.

"Tuliishia Myombekere anakwenda ukweni kumfuata mkewe. Soma."

Hakilali wazi, kweli. Mwanangu alishika upande mmoja, mimi upande wa pili.