Uzoefu wangu: fundi wa Mutindwa alivyonitengenezea nduthi ya testi

Nduthi yangu ni Boxer BM 100 ya mkono wa pili, nilinunua kwa jirani hapa Umoja, Nairobi, ndo nianze kupelekea wateja chapati na maandazi bila kuita mtu wa boda kila saa. Leseni ya muda nikatoa, nikajiandikisha A2, daraja la leseni ya pikipiki, na shule ikanikubalia nifanyie testi na pikipiki yangu mwenyewe badala ya ile yao. Naandika hii juu ya servisi niliyofanyiwa kabla ya testi ya pili, kwa sababu naona wengi wetu tunapeleka nduthi kwa fundi tukifikiria oili peke yake.

Testi ya kwanza sikupita. Kwenye nane, yaani kuzunguka umbo la 8 polepole bila kuweka mguu chini, injini ilinizimikia mara mbili, ya pili nikaweka mguu chini na mtahini akaniambia nisogee kando, na nilikuwa nimefanya mazoezi wiki sita nzima pale uwanja wa Jacaranda kila jioni nikimaliza kazi, kwa hivyo iliniuma sana mpaka nikalia. Na kabla ya hiyo siku nilikuwa nimeipeleka gereji moja karibu na kwangu, wakanilipisha 1,500, wakabadilisha oili, wakaiosha ikang'aa kama mpya wakasema iko sawa. Baada ya kuanguka testi mwalimu wangu akaipanda yeye mwenyewe, akazunguka nane mara moja tu akashuka. Akasema hii pikipiki inapigana na wewe, ipeleke kwa fundi anayejua.

Ndo nikafika kwa huyu fundi wa Mutindwa. Kibanda ni cha mabati tu, ubao hana, lakini swali lake la kwanza ndilo lilinifanya nimwamini: "Madam, testi ni ya kukimbia ama ya kwenda polepole?" Nikamwambia ni nane, kupita katikati ya koni, kusimama ghafla na kuondoka kwa kilima. Hakugusa injini. Alikaa juu ya nduthi, akavuta klachi mara tatu akaniambia nivute na mimi.

Waya ya klachi ilikuwa imekazwa hadi mwisho. Mkono wa klachi haukuwa na ule ulegevu kidogo pale mwanzo, na hiyo maana yake klachi inashika wakati vidole vyako vishaachilia karibu yote, na vidole vyangu ni vifupi, kwa hivyo kila nikijaribu kuiachia pole inashika kwa ghafla nduthi inaruka ama inazima. Akaichomoa waya juu, akakata kipande cha tyubu kuukuu akakifunga kwa uzi kuzunguka ule mdomo wa waya kikawa kama kikombe kidogo, akamimina oili ndani akaacha ishuke yenyewe huku akivuta ule waya juu na chini. Tulingoja kama dakika ishirini. Tone la kwanza lililotoka chini lilikuwa jeusi na mchanga wa kutu ndani, akaendelea kumimina mpaka ikatoka safi. Akairudisha, akaacha ulegevu kama wa sentimita moja na nusu pale nchani, akateremsha mkono wa klachi kidogo ulingane na mkono wangu nikiwa nimekaa. Nikavuta kwa vidole viwili. Yaani nilishangaa ni nduthi ile ile.

Kisha cheni. Hakuipima mahali pamoja, alizungusha gurudumu akipima kila mara juu cheni huwa hailiki sawa, akatafuta ile sehemu inakaza zaidi ndo akarekebishia hapo, icheze kama sentimita mbili na nusu hadi tatu, halafu akahakikisha alama za kushoto na kulia kule nyuma zinalingana ndo gurudumu lisikae upande. Yangu ilikuwa imelegea sana, na ukienda polepole huku unafungua na kufunga moto (akselereta) kidogo kidogo cheni iliyolegea inakupiga mshtuko kila mara, na huo mshtuko ndo unakutoa kwenye mstari.

Sileni, yaani kasi ya injini ikinguruma bila kuongeza moto, aliniambia haipangwi injini ikiwa baridi. Akaipanda hadi raundabauti ya pale mbele akarudi, ikiwa imeshika moto ndo akageuza ile skurubu ya kabureta kidogo sana, akasikiliza, akageuza usukani hadi mwisho pande zote kuona kama mlio unabadilika, ukibadilika basi waya ya moto inavutwa mahali.

Breki ya nyuma pia aliifungua, kwa sababu ukienda pole ni hiyo unatumia pamoja na klachi, ya mbele ukiigusa usukani ukiwa umekunjwa unaweza kuanguka. Laining zilikuwa bado nene lakini zimejaa vumbi, akapiga msasa, akapaka grisi kidogo pale panapozunguka, na akapanga swichi taa ya breki iwake kabla breki haijashika. Gurudumu la mbele aliliinua juu akazungusha usukani kwa kidole kimoja, ukawa hauna mahali unakwama, akaendelea. Presha ya tairi ilikuwa 40 nyuma, mtu wa pampu alinijazia tu. Akashusha hadi 25 mbele na 28 nyuma kwa mtu mmoja, na kwa murram tofauti niliisikia hapo hapo.

Sasa malalamiko. Aliniambia saa nne nitakuwa nimetoka, nilitoka saa kumi. Risiti hana, nimebaki na meseji ya M-Pesa tu. Cheni aliipaka oili nyingi kupita kiasi ikanirukia suruali yote, na indiketa ya nyuma kushoto hakuiangalia, nimegundua nikiwa nyumbani nikarudi kesho yake, akaweka balbu bila kunilipisha. Jumla nililipa 1,150, kazi ikiwa 800 na zingine ni oili, grisi na vitu vidogo. Ukienda mwambie mapema ni ya testi, na uende katikati ya wiki, Jumatatu watu wa boda wamejaa.

Nilifanya mazoezi siku nne zingine na hiyo nduthi ndo nikarudi. Nilivaa helmeti yangu mwenyewe, ile ya shule ilikuwa kubwa ukigeuza kichwa kuangalia nyuma inabaki imeangalia mbele, na jaketi la rifleksta lazima, ni sheria kwa anayeendesha na anayebebwa. Nane niliimaliza bila mguu kugusa chini. Kwa kilima nilishikilia breki ya nyuma, nikaachia klachi pole pole mpaka nikasikia mlio wa injini unashuka, nikaachia breki ikaondoka yenyewe. Nilipita. Jumamosi hii ndugu yangu anaipeleka yake kwa huyo huyo fundi, testi yake ni mwisho wa mwezi na klachi yake nimeivuta, imekazwa vile vile.