Fuvu la plastiki la vipande vitatu: linunue kwa matundu, si kwa springi

Wanafunzi wengi wa udaktari na wa meno huanza na fuvu la aina hii: ukubwa halisi, plastiki ngumu, kofia inayofunguka, kitako, na taya la chini lililoshikwa kwa springi mbili. Kwa kusoma matundu ya kitako linafaa sana. Kwa kusoma mwendo wa taya linapotosha.

Kabla ya kulipa, shika waya wa unene wa milimita 1 na tochi. Pindua fuvu, kitako kiangalie juu. Nyuma ya bamba za pterigoidi, yaani mbawa za mfupa zinazoshuka nyuma ya taya la juu, utaona forameni (tundu) ovale, lenye umbo la yai, na nyuma yake, kwa nje kidogo, kitundu cha spinosumu. Pitisha waya kwenye hicho kidogo, kisha fungua kofia. Ncha ya waya inatakiwa itokeze pale pale unapoanzia mtaro unaopanda ukutani kuelekea panjani. Mtaro huo ni alama ya ateri ya kati ya meninji, yaani ya tando zinazofunika ubongo. Ufuate kwa ukucha hadi upite chini ya pterioni, yaani pale mifupa minne, ya paji, parietali, panja na sfenoidi, inapokutana. Mfupa hapo ni mwembamba, ndiyo maana pigo la panjani laweza kuchana ateri na damu ikajaa kati ya fuvu na dura, utando wa nje wa ubongo. Mwanafunzi akiupitisha waya huo mara moja kwa mkono wake, hahitaji kukariri. Kama spinosumu limezibwa na plastiki, au mtaro unaanzia hewani, rudisha fuvu hilo: kalibu yake ni mbovu, na matundu mengine madogo nayo ni ya kutilia shaka.

Forameni rotundumu usilitafute kwa chini, halionekani. Litazame kwa ndani, mbele ya ovale. Waya ukielekezwa mbele hutokea kwenye shimo lililo nyuma ya taya la juu. Na usilalamike ukikuta tundu la jugula, anakopita mshipa mkubwa unaotoa damu kichwani, la kulia ni kubwa kuliko la kushoto. Ndivyo ilivyo kwa watu wengi, kwa kuwa damu ya sinasi ya juu ya katikati, mkondo wa vena unaopita chini ya utosi, mara nyingi hushukia kulia. Fuvu ambalo pande zote mbili zinalingana kabisa ndilo la kutilia shaka zaidi.

Taya la chini likiwa peke yake ni zuri. Ndani ya tawi lake la wima kuna tundu la mandibula, likilindwa na kijilimi cha mfupa. Karibu na hapo ndipo daktari wa meno analenga sindano ya ganzi. Kwa nje, chini ya gego dogo la pili au karibu nalo, kuna tundu la kidevu. Hesabu na soketi za meno: 16 juu, 16 chini.

Tatizo ni springi. Zinalifanya taya lifunguke kama bawaba ya mlango, wakati taya la mtu hufanya mambo mawili: kichwa chake, yaani ncha ya mviringo iliyo juu ya tawi la wima, huzunguka kwanza mahali pake, kisha huteleza mbele na chini pamoja na kisahani laini kilicho ndani ya kiungo hadi chini ya kinundu cha mfupa wa panja. Weka vidole mbele ya masikio, fungua kinywa taratibu, utakisikia kikiondoka. Mtu mzima hufungua takribani milimita 40 hadi 50 kati ya meno ya mbele, na bila kuteleza huko asingezifikia. Anayejifunza kwa springi hataelewa taya likiteguka limekwama wapi, wala kwa nini hukandamizwa chini kwanza ndipo lisukumwe nyuma. Zing'oe. Kata kipande chembamba cha mpira kiwe kisahani, chembamba zaidi katikati, kiweke kati ya kichwa na shimo lake, halafu endesha taya kwa mkono.

Cha kwanza kuvunjika ni miiba ya stiloidi, ile myembamba inayochomoza kitakoni chini ya masikio. Supaglu inatosha, mradi uielekeze miiba chini na mbele kabla gundi haijakauka. Usilibebe fuvu kwa upinde wa shavu wala kwa vidole ndani ya matundu ya macho. Lioshe kwa maji ya sabuni, kamwe si kwa asetoni, kwani huyeyusha plastiki nyingi.

Mifupa 22 utaipata, lakini vijifupa 6 vya masikio havimo. Dari ya pua nayo ni dhaifu: iweke juu ya tochi, na kama mwanga haupenyi kwenye vitundu vya neva za kunusa, ni bamba lililodonolewa kwa juu tu. Hilo peke yake si sababu ya kulikataa. Spinosumu lililozibwa ni sababu.