Neno moja juu ya Lubumbashi: uzoefu wangu na tangazo la moshi wa ndege

Mwezi wa sita mwaka jana nililipia ndege iandike jina la mkate wangu angani juu ya Lubumbashi. Tangu siku ile wafanyabiashara wenzangu wananiuliza kama fedha ile ilirudi, nami nimeona heri nieleze yote kwa utaratibu, kwa sababu kabla ya kulipa mimi mwenyewe nilimtafuta mtu wa kunieleza mambo yalivyo nikamkosa.

Nina tanuri la mkate katika mtaa wa Katuba, hapa Lubumbashi, na nilikuwa nafungua duka la tatu la kuuzia. Kijana aliyeniletea habari hii alifanya kazi na rubani wa kigeni mwenye ndege moja ndogo. Alianza kwa kunisimulia historia, na historia yenyewe ni ya kweli: mwaka 1922, siku ya mashindano ya farasi ya Epsom huko Uingereza, rubani Cyril Turner aliandika kwa moshi jina la gazeti la Daily Mail, na miezi michache baadaye akaandika juu ya New York salamu kwa Marekani pamoja na namba ya simu ya hoteli moja. Zinatajwa simu 47,000 zilizopigwa hotelini pale kwa muda usiofika saa tatu. Niliposikia hivyo nikasema basi, na mimi niandikiwe «Mkate Tamu Katuba» na namba yangu ya simu.

Hapo ndipo kijana alipoanza kunifundisha, na kwa hilo namshukuru. Namba ile ya New York ilikuwa na tarakimu nne tu, zetu zina kumi. Moshi wenyewe hutokana na mafuta mepesi ya jamii ya parafini, ambayo hudungwa katika ekzosi ya injini. Joto la mle huyageuza mvuke, na mvuke ukitoka nje huwa wingu jeupe zito. Rubani hufungua na kufunga swichi ya mafuta kama mtu anayeinua na kushusha kalamu. Herufi moja humchukua dakika moja hadi moja na nusu, na urefu wake waweza kupita kilomita moja, kwa kuwa huandikwa juu sana, mita 3,000 na zaidi. Sasa piga hesabu: herufi kumi na tano za jina langu zingehitaji takriban dakika ishirini, na wakati wa kuandika ile ya mwisho, ile ya kwanza ingekwisha kupeperuka. Iko njia nyingine ya ndege tano zinazoruka sambamba, ambapo kompyuta huamuru kila ndege iteme moshi kwa vituo na herufi hujengwa upesi kwa nukta nukta, lakini yeye alikuwa na ndege moja. Tukapunguza maneno hadi likabaki moja: TAMU.

Rubani alilifurahia neno hilo kwa sababu ambayo sikuitarajia. Aliye juu huona maandishi kinyume na sisi tulio chini, kama mtu anayesoma kibao cha duka akiwa upande wa nyuma wa kioo, kwa hiyo lazima aandike kila kitu kimegeuzwa. Alichukua karatasi, akaandika T, A, M na U kwa herufi kubwa, akaikunja kila moja katikati kwa wima: nusu mbili zikalingana kabisa. Maana yake, kwa neno langu alihitaji kugeuza mpangilio tu, herufi zenyewe zilibaki vilevile. Karatasi ile bado ninayo dukani.

Siku ya kwanza iliharibika, na lawama naiweka kwa kampuni ya kijana yule na rubani wake. Tulikubaliana saa moja na nusu asubuhi ya Jumamosi, wakati ambapo anga ya kiangazi chetu ni ya buluu na hewa imetulia. Ndege ilionekana saa tano na nusu, na hakuna aliyenipigia simu kunieleza. Kufikia saa hiyo upepo wa kusini-mashariki ulikuwa umekwisha kuamka. T iliandikwa vizuri, A nayo ikasomeka, lakini M ilipofika mguu wake wa tatu T ilikuwa imevutika kama kitambaa kilichochanika, na U haikusomwa na mtu yeyote niliyemuuliza. Nililipa fedha ambayo ingenipa matangazo ya redio kwa miezi mitatu, kwa ajili ya herufi mbili.

Kulikuwa na kosa jingine, na hili ni letu sote wawili. Hatukuwatangazia watu. Mji huu umeishi na moshi wa tanuri za shaba tangu 1911, lakini moshi unaotoka kwenye ndege ni jambo lingine. Mama mmoja anayeuza unga wa bukari, yaani ugali, jirani na duka langu alishika kichwa akanililia: «Mama, ndege inaungua, na watu wamo ndani!» Niliona haya na uchungu kwamba biashara yangu ilimtia mtu mzima hofu ya namna ile.

Mkataba ulisema kwamba maandishi yasiyosomeka yatarudiwa. Walijaribu kunishawishi kwamba upepo ni kazi ya Mungu. Nikawajibu kwamba upepo ni wa Mungu, lakini kuchelewa saa nne ni kwao. Siku ya Jumanne wakarudi, safari hii saa moja na dakika arobaini, nami nilikuwa nimelipia tangazo la redio jioni iliyotangulia. Wanafunzi wenye mashati meupe walisimama barabarani wakisoma kwa sauti, herufi baada ya herufi, na dereva wa taksi-basi akasimamisha gari ili abiria wake watazame. Neno lilidumu karibu dakika kumi na mbili. Sisi wa Katuba na wa Kenya (mtaa wa hapa mjini, si nchi) tulilisoma sawasawa. Ndugu yangu aliyekuwa Luano, upande wa pili wa mji, aliliona limepinduka, miguu juu, akalisoma kwa kugeuza simu aliyolipigia picha.

Mkate wa siku ile uliisha kabla ya saa nne asubuhi, na wa kesho yake pia. Kufikia Jumapili mauzo ya maduka mawili ya zamani yalirudi palepale yalipokuwa, ila duka jipya lilibaki na wateja ambao redio isingeniletea kwa wiki moja. Kwa asiye na jina linalojulikana tayari, au mwenye ujumbe wa maneno matatu, ninasema wazi asitoe fedha yake. Mimi nimekwisha kuwaandikia tena kwa ajili ya mwezi wa sita ujao, neno lilelile, na safari hii nimetaka mkataba uandikwe kwamba ndege isiyofika kabla ya saa mbili asubuhi isiruke, na siku ihamishwe bila mimi kuongeza hata franka moja.