TAHADHARI: Koili za magneti "orijino" za pikipiki ya Honda CG125 pale Kariakoo. Nimepigwa, msipigwe na nyie

Ndugu mafundi, na nyie wenye pikipiki za zamani, hili nimekaa nalo siku nne nikiona aibu kulisema. Mwaka wa kumi na saba huu nashika spana. Vijana wawili wametoka mikononi mwangu na leo wana gereji zao. Halafu napigwa kwenye umeme wa pikipiki, kitu ninachokijua kuliko vingine vyote. Nisingeandika, lakini juzi nimemkuta mwenzetu mwingine mlangoni kwa muuzaji huyohuyo aliyenipiga, ameshika boksi kama langu. Nikinyamaza na mimi nitakuwa nimeshiriki.

Pikipiki ni ile CG ya Mwalimu, tangi jekundu, wa kijiweni mnaijua. Na ugonjwa wake mnaujua: asubuhi kiki moja inawaka, ikitembea ikashika moto inazima ghafla kama mtu kafunga swichi. Ikipoa inawaka tena. Ilishabadilishwa plagi, CDI (kile kiboksi kinachoamrisha cheche), koili ya juu, kabureta imefunguliwa sijui mara ngapi. Mimi sikubadilisha kitu. Niliipanda mpaka Nanenane, hapa Morogoro, ikanizimia njiani kurudi, nikaiweka kando, nikachomoa soketi ya waya za magneti, zile koili za waya zinazozalisha umeme injini ikizunguka, kabla chuma hakijapoa, nikaweka mita. Koili inayolisha CDI haisomi kabisa. Nikakaa chini ya mwembe nusu saa, nikapima tena: omu 400 na kitu. Waya umekatika ndani. Ikiwa ya baridi ncha zinagusana, ikipata joto zinaachana. Ndiyo maana kila aliyeipima asubuhi aliikuta nzima.

Nawaeleza haya yote ili mjue kwamba sikwenda dukani kubahatisha. Ugonjwa nilikuwa nimeushika.

Mwalimu akaniambia, "Fundi, pikipiki hii imenisomeshea watoto. Usiniwekee cha kubahatisha, niwekee kitu nikisahau." Nikamwahidi koili ya Kijapani. Nilimwahidi kwa mdomo wangu huu.

Yule muuzaji wengi mnamjua, anatupia picha kwenye makundi ya spea kila siku. Jina la duka silitaji hapa kwa sababu suala liko polisi na nimeambiwa nisiliandike. Mtaniuliza kwa nini nilimwamini. Kwanza, nilishanunua kwake mara mbili, plagi na rektifaya, na rektifaya ile mpaka leo inachaji volti 14 safi. Pili, bei yake haikuwa ya kutupa. Angeniuzia orijino kwa elfu ishirini na tano ningekimbia. Alisema elfu themanini na tano, bei ya mtu anayejua anauza nini. Tatu, na hili ndilo lililonimaliza, aliongea kifundi. Nilipompigia aliniuliza, "CDI yako ni ya AC au ya DC?" Mnajua ni wauza spea wangapi hawajui hata kama zipo mbili? Hawajui kwamba ya AC inakula umeme wa koili ya magneti moja kwa moja na ya DC inakula betri, na ukiweka isiyo yake cheche hupati. Akaendelea, akasema CG ilitoka 1976, na injini nyingi za bodaboda za Kichina zimenakiliwa humohumo, kwa hiyo niwe mwangalifu nisiuziwe koili ya Kichina nikaambiwa ya Honda. Yeye ndiye aliyenitahadharisha! Mtu anakwambia jihadhari na wezi, nawe moyo unatulia, unasema huyu ni mwenzetu.

Nikapanda basi alfajiri, saa nne na nusu nikawa Kariakoo.

Duka ni dogo, mlango mmoja, meza ya kioo mbele, nyuma pazia la bluu. Akanipokea kwa "karibu fundi mkuu", akaagiza kahawa, akanipa kigoda. Akatoa koili moja kwenye mfuko wa nailoni wenye vumbi. Niliishika, nzito. Waya zimezungushwa zikabana, vanishi imekolea rangi ya asali, mpira unaopitisha waya ni wa kahawia uliokauka kidogo pembeni, kama mpira uliokaa stoo miaka. Kwenye bati zile sahani nyembamba zimepangika hazina ukungu wa kutu. Nikatoa mita yangu mwenyewe kwenye begi, siyo yake, yangu. Nikapima koili ya CDI, ikasoma 412. Nikapima ile ndogo inayotoa ishara, ikasoma 130 na ushei. Nikapima kama imegusa bati, haijagusa. Yeye amekaa kimya ananiangalia, hata hanihimizi. Akasema tu, "Pima fundi, pima mpaka uridhike. Mimi sipendi mtu arudi."

Nikaridhika. Akaniuliza kama nina CG nyingine inayokuja, kwa sababu zimebaki mbili tu na ya pili angeniachia elfu sabini na tano. Nikamfikiria yule mzee wa Mkundi, nikakubali. Laki moja na sitini. Nikatuma kwa simu nikiwa palepale, ujumbe ukaingia kwake, akautazama, akasema "asante kaka."

Sasa sikilizeni hapa. Akachukua ile koili mkononi mwangu, akasema, "Ngoja nikufutie vumbi na petroli nikufungie, kwenye basi isije ikagongwagongwa." Akaingia nyuma ya pazia. Adhana ya adhuhuri ikaanza. Mimi nimeshika kikombe. Nasikia gundi ya karatasi ikivutwa, kwaa, kwaa. Nikasikia kama maboksi yanasogezwa. Hata dakika tatu hazikufika. Akatoka na maboksi mawili yamezungushiwa gundi ya kahawia pande zote, akanipa kwa mikono miwili. "Usifungue njiani fundi, unyevu." Nikasema haya. Nikasema haya, jamani! Nimelala nikiirudia ile dakika moja, ningesema tu "fungua nione" yasingenikuta.

Risiti akaandika kwa mkono. Mashine ya risiti, EFD, eti mtandao umekata.

Nilivyofika gereji nikafungua boksi moja mbele ya dogo na Mwalimu. Mpira ulikuwa mweusi. Nawaambia ukweli wangu wote: niliuona. Nikauona kabisa kwamba si wa kahawia, na moyo ukaruka kidogo. Nikajiambia labda ni petroli aliyofutia imeurudishia weusi. Kwa sababu Mwalimu amesimama pale, nimeshamwambia nimeipima kwa mkono wangu, ningeanzaje kusema sina uhakika? Nikafunga. Ikawaka kwa kiki ya tatu. Hata hiyo ya tatu nikaisingizia kabureta. Mwalimu akalipa, akanishika mkono, akaondoka.

Siku kumi na moja. Siku ya kumi na moja, saa mbili usiku, simu. Mwalimu yuko upande wa Dakawa, kwenye giza, malori yanampita, pikipiki imekufa na inanuka. Mzee wa miaka sitini na tisa ameikokota zaidi ya saa nzima mpaka kwenye taa za watu. Nilipomfikia kwa gari la kukodi nikamwamkia, "Shikamoo Mwalimu." Akaitikia marahaba, akanyamaza kidogo, kisha akasema taratibu, "Fundi, uliniambia ni ya Kijapani." Hakuongeza neno. Afadhali angenitukana.

Nilifungua usiku uleule. Vanishi imegeuka nyeusi, waya umeachia pale ulipounganishwa na ncha. Nikachukua wembe nikakwaruza. Juu rangi ya shaba, ndani mweupe. Aluminiamu, imepakwa shaba kama mtu anavyopaka kucha. Nikafungua boksi la pili ambalo halijaguswa, nikaweka mita. Ikasoma 405. Mnaona? Mita inasema nzuri. Nikakwaruza, nyeupe. Nikaipima kwenye mzani wa mama muuza mchele hapo jirani dhidi ya ile ya zamani ya Mwalimu iliyokatika, nyepesi kwa mbali sana.

Na hili mlishike wale mnaosema "si ungepima". Omu peke yake haikwambii kitu. Aluminiamu inapitisha umeme kama asilimia 61 tu ya shaba, kwa hiyo anazungusha mizunguko michache na bado anafikisha omu zilezile, na mizunguko ikiwa michache umeme unaotoka ni hafifu. Halafu aluminiamu haishiki risasi ya kulehemu, kiungo kinalegea, kinapata moto, kinaungua. Hata ningepima tena gereji ingenidanganya. Aliyekaa akabuni huo mchezo alijua sisi tunatembea na mita.

Nikampigia asubuhi. Sauti ileile ya upole. "Fundi, spea ya umeme hairudishwi, umefunga vibaya umeunguza mwenyewe." Mimi, nimefunga vibaya! Nikamtumia picha za wembe. Akanifungia namba.

Nikapanda basi tena. Pazia la bluu lipo, kijana mwingine kabisa yuko mezani, bosi eti amesafiri kufuata mzigo. Ndipo nikamkuta fundi wa Kibaha amesimama na boksi lake, gundi ileile ya kahawia. Ya kwake ilidumu siku sita, kwenye pikipiki ya bodaboda mwenye mkataba. Kijana wa watu analipa hesabu ya kila siku na pikipiki iko chini. Tulipoanza kuongea kwa sauti yule wa mezani akaonyesha kikaratasi ukutani: mali ikishauzwa haitarudishwa. Watu wa maduka ya jirani wanatuangalia, mmoja akatuambia chini chini kwamba sisi si wa kwanza mwezi huu. Sasa kama mnajua, mbona mnanyamaza? Wewe jirani unayeuza spea halali, huyu anakuharibia soko na wewe!

Nimefungua jalada, RB ninayo. Nimepeleka boksi la pili na risiti ya mkono Tume ya Ushindani, FCC, maana wao ndio wenye Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963 na ndio tunaowaona wakiteketeza bidhaa bandia. Nataka mzigo wake uteketezwe hadharani pale pale mtaani, watoto wa shule wakiangalia. Nataka afunguliwe kesi, afungwe, asipigwe faini ya laki mbili akarudi Jumatatu kufungua duka. Huyu si mwizi wa laki na sitini tu. Mwalimu angegongwa na lori pale gizani, taa imezimika, tungesema ajali imetokea, tungezika, na yeye angekuwa nyuma ya pazia anafunga boksi la mwingine. TRA nao wapite, ule mtandao wa EFD umekata tangu lini?

Mnaoniuliza inbox dalili ni zipi: amekataa usifungue njiani, hakutoa risiti ya mashine, na koili imetoka machoni pako hata kidogo. Ikipita nyuma ya pazia, hiyo si ile tena. Nendeni na wembe, siyo mita tu. Kwaruza pale waya unapoingia kwenye ncha, shaba ni nyekundu mpaka ndani. Akikataa usikwaruze, ondoka. Na ule mpira, na herufi kwenye bati, pigeni picha kabla hamjalipa. Mengine nitaongeza nikipata nafasi, kwa sasa hata kichwa hakijatulia.

Mwalimu nimemrudishia hela yake yote, na ile koili yake ya zamani nimempelekea mzee anayesuka mota, ameifumua na kuisuka upya kwa waya wa shaba, elfu thelathini. Tangu juzi inatembea. Jana nimeipeleka mimi mwenyewe mpaka Dakawa na kurudi bila kuizima.

Yeyote mwenye boksi lenye gundi ya kahawia kutoka duka lile, hata kama koili haijaungua, usiitupe. Ikwaruze, piga picha, njoo na tarehe uliyonunua. Mpaka sasa tuko watano, na mpelelezi ametwambia tukizidi hapo kesi inakuwa na uzito.