Drili ya waya au ya betri kwa seremala wa Dar?

Kwa karakana ya Keko inayotengeneza makabati na vitanda vya mninga, ningeanza na drili ya waya. Inakula umeme wa volti 230 moja kwa moja, haichoki katikati ya kazi, na kaboni zake, vile vipande vidogo vinavyopeleka umeme ndani ya mota, zikiisha unanunua nyingine Kariakoo kwa bei ndogo na kuzibadilisha mwenyewe. Tatizo ni umeme ukikatika, au ukienda kufunga makabati ya jikoni kwenye nyumba ambayo bado haijaingiziwa umeme. Hapo ya betri ndiyo mkombozi, na fundi anayezunguka kwa wateja Goba na Mbweni hana sababu ya kuikwepa.

Ila kagua betri kabla ya mashine. Betri ya volti 18 ina seli tano za volti 3.6, ile iliyoandikwa 20 kwa kawaida ni seli hizo hizo tano, zimepimwa zikiwa zimejaa chaji. Usiongeze hela kwa ajili ya namba hiyo! Iongeze upate betri ya pili na mota isiyotumia kaboni. Na tafadhali, usiiache betri ndani ya gari juani. Joto la Dar linaizeesha upesi.